Nusu Behewa la Bi Carmela

Siku ile tulikuwa wanne na sauti moja. Ross, mwenye kampuni, alikuwa amekaa juu ya kreti la rangi. Tuan, mchoraji wa kalibu za kumiminia plastiki, alivaa lile koti lake la sufi ambalo halivui hata jua likiwaka. Pascal, aliyekuwa bado upande wa kufungasha, alisimama mlangoni na barakoa aliyoshonewa na mkewe. Mimi, Wakesho, mtafiti, nilikuwa na daftari langu. Na juu ya meza, katika simu ya Ross iliyofunguliwa sauti, alikuwepo Bi Carmela wa Villawood, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

"Ninyi ndio mnaotengeneza treni za watoto?" aliuliza.

Ross alifumba macho. Amekuwa akilijibu swali hilo tangu aanzishe kampuni. "Ni za watu wazima, mama."

"Watu wazima wanachezea treni?"

"Wanazikusanya."

"Shauri yao. Mimi ninalo behewa la kweli. Nusu. Lipo nyuma ya nyumba yangu. Mwanangu anauza kiwanja, na mnunuzi atalivunja. Njooni mlipime kabla hajaja."

Nilimwuliza lina madirisha mangapi, na paa lake limeinama vipi. Aliponijibu, Ross alisimama. Lilikuwa behewa la mbao la aina ambayo sisi tulikuwa na picha zake mbili tu, zote zimepigwa kutoka mbele, na hakuna aliyejua michoro yake ilikoishia; nusu ingetosha, maana nusu ya pili hufanana nayo. Tatizo ni kwamba ilikuwa Ijumaa, na Sydney ilikuwa inafungwa kwa mara ya pili kwa sababu ya korona. Kuanzia kesho yake karakana yetu ya Granville ingefungwa, na muda si mrefu tukaambiwa hakuna kutoka nyumbani zaidi ya kilomita tano. Villawood haikuwa mbali, lakini ilikuwa mbali kuliko tano.

"Wakesho," Ross alisema, "nipe vipimo vinavyokubaliana. Mwisho wa Septemba Tuan anatuma michoro kwa wakata kalibu. Visipokubaliana tutatengeneza kichwa kingine cha treni ya dizeli kama kila mtu, na behewa hili litakuwa kama halikuwahi kuwepo."

Nilistaafu mwezi uliopita. Pascal, anayeshika meza yangu sasa, ameniomba niandike jinsi kazi yetu inavyofanywa, na ameniomba niandike kwa Kiswahili kwa sababu yeye na wale dada wawili wapya kutoka Kisumu wanakisoma kwa raha kuliko Kiingereza cha Ross. Nimekubali. Ila nikikaa kuandika, mawazo yananirudisha kwenye behewa lile, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi nilizaliwa Voi, katika nyumba za reli. Baba alikuwa katika genge la njia, wale watu wa kukaza reli na kubadili mataruma. Mama alifariki nikiwa darasa la tano, baba mwaka uliofuata, nikaacha shule nikiwa darasa la sita kwa sababu nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu. Siandiki haya ili mnihurumie. Naandika ili mjue kwamba hesabu zangu zote ni za darasa la sita, na zimetosha.

Mdogo wangu Mkamburi alisoma unesi, akaja huku Sydney, akaniita nije kumsaidia na watoto. Watoto hao mpaka leo nikiwaita kula wananijibu kwa Kiingereza, lakini wanakuja. Walipoanza shule nilipata kazi ya kufungasha kwa Ross. Siku yangu ya tatu ilipita mbele yangu seti ya sanamu za watu wadogo, urefu wa ukucha, genge zima la njia na mitaimbo yao. Niliwatazama sana. Halafu nikamwambia Ross kwamba mtu akishika mtaimbo namna ile atavunjika mgongo kabla ya saa nne.

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa nampelekea baba chai njiani."

Watu wale walitengenezwa upya, nami nikahamishiwa kwenye meza ya mzee Keith, karani mstaafu wa reli aliyekuwa mtafiti kabla yangu. Keith alinipa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, tepu ya chuma, tochi, kadi za rangi, na chaki. Alinifundisha kwamba rangi haipimwi adhuhuri, kwa sababu jua kali huipausha. Alinifundisha kulala chini ya behewa na kuhesabu misumari ya ribiti kwa vidole, kwa sababu macho hurukaruka. Kwenye majumba ya makumbusho alikuwa akiwaamkia watu wa kufagia kabla ya wakurugenzi, akisema wao ndio wanaojua mlango gani haufungi. Alikuwa na kikohozi, na sandwichi moja ya nyanya kila siku kwa miaka yote niliyomjua. Alipoondoka niliendelea na kalipa yake.

Watu huniuliza mtafiti wa treni ndogo anatafiti nini. Kila kitu kwetu kinapunguzwa mara themanini na saba. Lazima mtu akajue kwanza ukubwa wa kweli, na mpini ulikuwa upande gani, na vumbi la mwaka ule lilikuwa jekundu au jeupe. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Basi tukafungiwa. Mkamburi alikuwa akienda hospitali na kurudi na alama za barakoa mashavuni, anavua viatu nje, hasemi na mtu mpaka aoge. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya Granville kama nzi asiyejua dirisha liko wapi. Mchana, nyumba ikinyamaza, nilibeba kiti nje kwenye njia ya gari, nikakaa kwenye jua la Julai, nikapiga simu Villawood.

Bi Carmela alikuwa na miaka themanini na minne. Alifika Villawood akiwa msichana kutoka Italia, wakati pale palipokuwa kambi ya kupokelea wahamiaji, akaolewa na Nino, fundi wa mabehewa. Behewa lilipostaafishwa na kukatwa, Nino alileta nusu yake juu ya lori ili mkewe apate mahali pa cherehani. Amewashonea humo mabibi harusi wa mitaa yote ya jirani. Nino alikuwa ameshafariki. Cherehani ilikuwa bado.

Mkataba wetu ulikuwa rahisi. Mimi ningeuliza, yeye angeweka simu kwenye mfuko wa aproni, apime kwa tepu yake ya ushonaji, anirudishie nambari. Nilimsikia akitembea. Sakafu ya behewa ilikuwa na sauti yake, kavu, kama mtu anayekata biskuti. Nilijifunza kutofautisha ubao wa karibu na mlango na ule wa chini ya meza. Wakati mwingine alisahau simu, akaanza kushona, nami sikukata. Nilikaa Granville juani nikisikia cherehani ikikimbia ndani ya behewa lisilokwenda popote, na kila ikisimama nilihisi tumefika stesheni.

"Dirisha la tatu, mwanangu. Inchi ishirini na nane na nusu."

"Asante. Kuna nini nje ya dirisha la tatu?"

"Mlimau wa Nino. Na kasuku weupe wanaoiba."

Kila nilipopata nambari niliichora kwa chaki kwenye saruji ya njia ya gari, ukubwa wa kweli. Hiyo ndiyo njia yangu, na Pascal, nakushauri ujaribu. Kwenye karatasi kipimo ni tarakimu. Kwenye saruji unaweza kukaa ndani yake. Nilianzia getini. Siku baada ya siku behewa lilikua kuelekea kwenye mapipa ya taka, nami nilisogeza kiti changu dirisha kwa dirisha, chai mkononi. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na nilisafiri miezi miwili ndani ya futi thelathini. Niliuona mlimau. Wakati mwingine, jua likishuka kidogo, nilimwona na baba, amesimama pembeni ya njia na wenzake, wameinua kofia treni ipite.

Pascal anakaa mtaa wa pili. Alikuwa akipita katika ile saa moja tuliyoruhusiwa kunyoosha miguu.

"Mama Wakesho, unawachorea watoto mchezo?"

"Ni behewa. Karibu."

"Ah, non, Mama. Sheria imesema nisiingie kwa watu."

"Basi subiri hapo stesheni."

Alicheka, akaegemea uzio. Kisha akauliza swali la mtu wa kufungasha, ambaye kila siku anaona kama kitu kitaingia kwenye boksi ama hakiingii. "Ukuta wa mwisho uko wapi?"

Hapo ndipo tulipoliona tatizo. Urefu wote Bi Carmela alikuwa ameshaupima kwa kamba ya kuanikia nguo, kisha akaipima kamba. Nilikuwa nimeutia alama. Upande ule ulikuwa na vipande kumi na saba: madirisha manane na nguzo tisa za mbao katikati yake. Siku ile nilichora nguzo ya mwisho, nayo ikapita alama. Nilipiga magoti nikapima. Ilipita kwa inchi nane.

Inchi nane, ukizipunguza mara themanini na saba, ni milimita mbili na kidogo. Mtu wa nje atasema si kitu. Lakini milimita mbili kwenye behewa la urefu wa kalamu ni dirisha lisilokaa na kioo kinachodondoka ndani ya boksi, na barua ya malalamiko kutoka kwa daktari fulani wa Perth, mkusanyaji mwenye hadubini.

Nilimpigia Tuan. Aliniambia jambo ambalo mchoraji yeyote angesema. "Zigawe. Punguza kidogo kila mahali. Hakuna atakayejua."

"Ni zipi zenye makosa?"

"Dada, si muhimu zipi."

"Ni muhimu. Labda nguzo ziko sawa na madirisha hayako sawa. Au kinyume. Tutakuwa tumetengeneza behewa ambalo halijawahi kuwepo, na la kweli litakuwa limeshavunjwa. Nani atatusahihisha?"

Akasema kwa upole kwamba zimebaki siku kumi na mbili.

Nikafanya kosa. Nilimpigia Bi Carmela nikamwuliza, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kama ana hakika anapima sawasawa.

"Rudia, sikusikia," alisema. Alikuwa amesikia.

"Labda tepu imevutika kwa uzee, Bi Carmela. Za kitambaa hufanya hivyo."

"Tepu! Nimewapima wanawake mamia kwa mamia, wengine wajawazito na wanaficha, na hakuna aliyeolewa gauni likimbana. Tepu yangu haijazeeka. Wewe ndiye umezeeka!"

Akakata simu. Nilipiga kesho yake, haikupokelewa. Nikapiga keshokutwa. Nilikaa kwenye kiti changu kwenye dirisha la tano, sikuona mlimau wala kasuku, niliona saruji. Ross aliniandikia kwamba nisijilaumu, na kwamba kichwa cha dizeli nacho ni kizuri. Sikumjibu. Nilikuwa nimewahi kuambiwa mara nyingi maishani niachie jambo, la kwanza likiwa wale wadogo zangu watatu, kwamba wagawanywe kwa mashangazi. Sikuwagawa.

Sasa ni lazima niwaambie kitu nilichokuwa nimekiacha, kwa sababu kilionekana si cha kazi. Mwanzoni kabisa Bi Carmela aliniambia si haki yeye peke yake kutoa vipimo. Alitaka vyangu. Kifua, kiuno, nyonga, mabega, mkono. Nilikwenda chumbani nikajipima kwa tepu ya chuma ya Keith, baridi juu ya ngozi, nikamsomea. Nilidhani ni utani wa mwanamke mpweke anayetaka kujua anaongea na mwili gani.

Siku ya tatu ya ukimya wake, gari lilisimama ng'ambo ya barabara. Mwanawe alishuka, akaweka furushi kwenye ukuta wa geti, akarudi nyuma hatua nyingi. Kazi yake ya umeme ilimruhusu kuzunguka. "Mama amesema bado amekukasirikia," alipaza sauti, "lakini kazi ni kazi."

Lilikuwa gauni. Kitambaa cha rangi ya kijani iliyotulia, mikono mirefu, kola ndogo. Nilisimama nalo kwenye njia ya gari. Tangu mama afariki hakuna mtu aliyenishonea nguo. Za mama nilizikata mimi mwenyewe nikawashonea wadogo zangu, na za kwangu zilitoka kwa watu.

Kwenye kola kulikuwa na kijikaratasi kimeshikwa kwa pini. Jina langu, limekosewa, na vipimo vyangu kwa mwandiko wake. Kiuno, thelathini na sita na nusu. Nikajisemea hapana, mimi nilisoma thelathini na sita. Mabega, kumi na sita na nusu. Nilisoma kumi na sita. Mkono na nusu. Nyonga na nusu.

Nikatazama chini. Nilikuwa nimesimama ndani ya dirisha la tatu, ishirini na nane na nusu.

Nilihesabu kwa vidole kama tulivyofundishwa darasa la sita. Vipande kumi na saba, kila kimoja kimeongezewa nusu, ni inchi nane na nusu. Urefu wote nao umeongezewa nusu yake moja. Ondoa. Zinabaki nane.

Nilipiga simu. Safari hii alipokea kwenye mlio wa kwanza.

"Limekukaa?"

"Bi Carmela, umeniongezea nusu inchi kila mahali."

"Bila shaka. Nafasi ya mshono. Ungetaka upasuke ukiinama? Mshonaji haandiki nambari ya mwili, mwanangu, anaandika nambari ya kukatia."

"Na madirisha?"

Nilisikia ubao wa karibu na mlango, kisha ule wa chini ya meza, kisha tepu ikivutwa. Dirisha la tatu. Alipima, akapima tena.

"Ishirini na nane," alisema polepole. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, mpaka nikaogopa kwa umri wake. "Mama yangu! Nimeliachia behewa nafasi ya kunenepa!"

"Labda lingekula Krismasi."

"Miaka sitini mkono unaongeza wenyewe. Sikujua kabisa. Kumbe nilikufukuza kwa kosa langu."

Jioni ile nilifuta mistari yote kwa ufagio na maji nikachora upya. Pascal alisimama stesheni yake akinisomea nambari kutoka kwenye daftari, akitoa nusu kila moja. Nguzo ya mwisho ilikaa juu ya alama. Alipiga makofi peke yake barabarani, na jirani akafungua dirisha kuona nani anafunga ndoa. Tuan alituma michoro siku tisa baadaye.

Vizuizi vilipolegezwa nilikwenda Villawood kwa treni nimevaa gauni. Nilichelewa. Mnunuzi alikuwa na haraka kuliko serikali. Behewa lilikuwa limeshaondoka, na Bi Carmela amehamishiwa Wollongong, katika nyumba ya wazee karibu na binti yake. Nyuma ya nyumba ile tupu palibaki mlimau, na mstatili mrefu wa ardhi iliyopauka, ambayo haikuonja mvua kwa miaka mingi. Nilitoa tepu ya chuma nikapima. Futi thelathini kamili, bila nusu. Nilikaa kidogo mahali ambapo dirisha la tatu lingekuwa. Upepo ulikuwa ule ule niliousikia kwenye simu.

Behewa dogo lilitoka mwaka uliofuata. Ross alimpelekea la kwanza kwa posta. Macho ya Bi Carmela yalikuwa yameanza kumwacha, lakini alinipigia akaniambia ameyahesabu madirisha kwa ukucha na hakuna linalobana. Ndivyo behewa lile lilivyonusurika, na kama kuna kazi yangu moja ambayo ningependa muijue, ni hiyo. Kanuni ninayowaachia: mkipokea kipimo, ulizeni aliyepima alikuwa anafanya kazi gani maisha yake yote.

Lakini gauni halijakwisha. Upindo wake wa chini ameushikiza tu kwa uzi mwekundu, mishono mirefu, ya muda. Nilipomwambia Mkamburi anaweza kuumaliza kwa dakika tano, Bi Carmela alisikia kwenye simu akapiga kelele.

"Mtu asiuguse! Upindo haupimwi kwa simu. Lazima usimame juu ya kiti mbele yangu, viatu miguuni, nami nipige magoti. Ukiulizwa kwa nini nilikushonea, sababu ni hiyo. Nataka kukuona umesimama."

"Bi Carmela, magoti yako."

"Nitayapiga nikikuona."

Nimekwenda Wollongong mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na karatasi mlangoni, nyumba imefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Nilisimama kwenye maua upande wa nje wa kioo, nikazunguka polepole ili alione gauni, lakini alikuwa akitazama mti nyuma yangu. Mara ya pili nilipimwa korona mapokezi, na kipimo changu chenyewe kikatoka mistari miwili. Nikarudi na treni nimekaa peke yangu mwisho wa behewa, uzi mwekundu unaonekana kwa kila mtu.

Alinipigia juzi. Macho sasa hayaoni kabisa, lakini amesema upindo anaweza kuupata kwa vidole, nisimame tu, nisitikisike.

Namdai? Hapana, yeye ndiye ananidai. Alinipa behewa zima, nusu inchi na yote, na gauni juu yake, na malipo aliyotaka ni dakika kumi za mimi kusimama wima juu ya kiti. Sijazilipa.